Safu ya Kuoga

Mwaka ule mvua za Elinino hazikumpa mtu nafasi ya kutulia. Kila asubuhi Dorcas Luhende, msichana wa darasa la sita huko Mkuyuni, Mwanza, alifagia uwanja, akateka maji, kisha akamsaidia mama yake kuanika dagaa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kabla hawajamaliza, wingu lilikuwa limeshatokea upande wa ziwa.

"Dorcas! Nailoni!" mama alipiga kelele, na wote wawili wakakimbia kufunika. Jua likitoka, wanafunua. Likijificha, wanafunika. Kuna siku walifunika na kufunua mara tano kabla Dorcas hajavaa sare ya shule.

Mama yake, Rebeka, aliuza dagaa sokoni Mkuyuni, lakini ziwa lenyewe hakulipenda. Tangu ule msiba mkubwa wa meli kuzama ziwani, miaka miwili nyuma, moyo wake haukukaa sawa. Dorcas akienda ziwani kuosha vyombo, mama alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa njia. "Maji yasipite magoti, unasikia?" Kila siku maneno ni hayo hayo. Dorcas alisikia, akatii. Ndiyo maana alifika miaka kumi na mitatu, amezaliwa hatua mia mbili kutoka ziwani, na kuogelea hajui.

Jambo hilo halikumsumbua mpaka Kashaija alipoleta habari za mto.

Kashaija alikuwa kijana kutoka Bukoba. Siku hizo kampuni za watu binafsi zilikuwa zikifunguliwa mjini kama uyoga wakati wa mvua, na yeye alikuwa dereva katika moja iliyopeleka watalii mbugani. Jumamosi alikusanya watoto wa mtaa katika Klabu ya Matembezi. Aliwapandisha vilima vya mawe, akawafundisha kufunga mahema na kuwasha moto kwa kuni mbichi. Watoto walikuwa kumi na wawili, na Dorcas, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, alikuwa katibu.

Jumamosi moja Kashaija aliwapeleka kwenye kibanda cha video. Kwenye kioo walitokea watu wamekaa juu ya boti la mpira lililojazwa upepo, wakishuka katika mto wenye maji meupe kwa povu. Boti lilipanda, likashuka, likazunguka kama sufuria kwenye mkondo. Watu walipiga makelele, lakini walikuwa wanacheka.

"Hapo ni Jinja, Uganda," alisema Kashaija. "Yule mwenye kofia nyekundu ni mimi."

"Muongo!" watoto wakapiga kelele.

"Kweli tupu. Sasa nisikilizeni. Kampuni imenipa boti moja la zamani. Lina viraka, lakini linashika upepo. Upande wa Magu kuna mto, na kwa mvua hizi unakwenda kasi. Jumamosi baada ya Pasaka tunakwenda. Tunalala kwenye mahema, Jumapili tunarudi."

Kibanda kizima kikalipuka. Shimba, mvulana wa darasa la saba asiyeishiwa maneno, alisimama juu ya benchi akajifanya anapiga kafi. Mwenye kibanda akamshusha kwa sikio.

"Bado sijamaliza," alisema Kashaija. "Maboya ya kuvaa kifuani ninayo saba tu. Asiyejua kuogelea ndiye atakayevaa. Wakizidi saba, safari hakuna. Katibu, zunguka kwa kila mtu uniandikie jina, darasa, mzazi, na kama anajua kuogelea. Andika ukweli. Maji ya kule si ya mchezo."

Dorcas alifungua daftari lake, akapiga mistari, akapata safu nne. Juu ya ile ya mwisho, iliyokuwa nyembamba, akaandika KUOGA. Hakuandika hivyo kwa ujanja. Mtaani kwao kila anayeingia ziwani alisemwa anaoga, awe anajisugua kwa sabuni, anacheza, au anakata maji mpaka kwenye mitumbwi. "Twende tukaoge," walisema, basi.

Akaanza na Shimba. "Unaoga?"

"Mimi?" Shimba akajinusa kwapani. "Kwani nanuka?"

Watoto wakaangua kicheko.

"Shimba, jibu bwana. Unaoga huoga?"

"Naoga! Andika naoga, Jumamosi mpaka Jumamosi!"

Dorcas akaweka alama ya ndiyo. Akaenda kwa wa pili, naye akasema anaoga. Wa tatu vilevile. Kisha akafika kwa Brightness, rafiki yake wa dawati moja.

"Naoga ndiyo," alisema Brightness, akaweka mkono kifuani. "Ila maji yakifika hapa, natoka."

Kalamu ya Dorcas ikasimama. Hapo ndipo alipoona kwamba neno lake lilikuwa na milango miwili, na kwamba yeye ameuacha wazi ule usiofaa. Angeweza kulifuta, akaandika kuogelea, akaanza upya. Lakini alizungusha macho akawaona wenzake, mmoja baada ya mwingine, akajua mioyoni mwao kuna nini. Wasiojua wangekuwa wangapi? Wanane? Tisa? Na safari je?

"Nimekuuliza kama unaoga," alisema polepole. "Umesema unaoga."

"Haya," alisema Brightness.

Dorcas akaweka alama. Alipofika kwenye jina lake mwenyewe hakumuuliza mtu. Aliweka alama haraka haraka kama anayejichoma kidole kwa sindano, akafunga daftari.

Kashaija alitupia jicho ile safu. Aliona alama kumi na mbili zimejipanga, na neno lililoandikwa juu yake hakulisoma.

"Wote! Kweli nyie ni watoto wa ziwa. Basi maboya watavaa wadogo saba. Ninyi watano wakubwa mtakaa pembeni mpige kafi, boya hamhitaji."

Watano hao walikuwa Shimba, Dorcas, Brightness na wengine wawili.

Tangu siku ile Dorcas hakukaa kitako. Alisimama bila sababu, akaketi, akasimama tena. Darasani mwalimu alimwita mara mbili hajaitika. Akisikia mvua inapiga bati alijisemea, "Sasa mto unajaa." Mvua ikinyamaza alijisemea, "Sasa njia inakauka, tutakwenda." Hapakuwa na hali ya hewa iliyomfaa.

Kisha ikaja barua ya ruhusa. Katibu ndiye aliyeiandika kwa mkono, nakala kumi na mbili: "Mwanangu anajua kuoga, nami namruhusu kwenda Magu na Klabu ya Matembezi." Mama Dorcas alisoma mpaka darasa la saba na hakusoma haraka. Aliweka kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza.

"A-na-jua ku-oga," alisoma. Akainua uso. "Kwa hiyo huko mtoni mnakwenda kuoga?"

Dorcas alikuwa akichambua dagaa, akaongeza kasi. "Ndiyo, mama."

"Pembeni pembeni?"

"Ndiyo."

"Maana nimesikia kule sokoni kwamba yule kijana Mhaya ana boti la mpira. Nikasema, mwanangu mimi hapandi. Kule kuna viboko, kuna mamba, na maji yenyewe mwaka huu yana wazimu. Lakini kama ni kuoga pembeni..." Akasoma tena lile neno, kama mtu anayebonyeza nyanya sokoni. "Lete kalamu."

Akaandika jina lake lote, Rebeka Luhende, kwa herufi kubwa, akapulizia wino ukauke. Dorcas alitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Ndipo wingu likapita juu ya uwanja, mama akapiga kelele, "Nailoni!" na wakakimbia wote wawili.

Kesho yake Brightness alimngoja njiani kwenda shule.

"Dorcas, mbona nimeambiwa sivai boya?"

"Wakubwa hawavai."

"Wakubwa wanaojua. Mimi nilikwambia, maji yakifika kifuani natoka."

"Sasa mbona humwambii Kaka Kashaija?"

"Safari ikivunjika waseme ni mimi? Shimba atanila mzima." Brightness alimshika mkono. "Wewe ndiye katibu. Mwambie wewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Brightness! Usinisumbue!"

Hakumwambia siku hiyo, wala kesho yake. Ikabaki siku mbili tu.

Alhamisi jioni Kashaija alileta boti ufukweni ili wafanye mazoezi. Walipokezana kulijaza upepo kwa pampu ya miguu mpaka likavimba, jeusi, viraka vimelizunguka kila upande. Wakalisukuma mpaka mahali maji yalipomfika Kashaija kifuani. Wale wadogo saba walivaa maboya wakapanda katikati, na wale watano wakakaa kwenye kingo na makafi yao. Ziwa lilikuwa limetulia.

"Nikisema kulia, mnapiga upande wa kulia," aliagiza Kashaija, akiwa amesimama majini ameshika kamba. "Haya, kulia!"

"Na hili ndilo wimbi la Magu!" alipiga kelele Shimba, akaanza kulitikisa boti kwa makalio. Wadogo wakashangilia. Ukingo mmoja ukainama.

Brightness akadondoka kinyumenyume.

Hakupiga kelele. Dorcas alidhani mtu anayezama hupiga kelele, lakini Brightness alikwenda chini kimya kama jiwe. Ukaonekana mkono, ukapotea, ukaonekana tena umefungua vidole, unashika hewa. Kashaija aliachia kamba, akajitupa, akamkamata kwa nguo, akamtoa mpaka ufukweni. Brightness alitapika maji, akakohoa, akatapika tena. Meno yalikuwa yakigongana ingawa jua lilikuwa bado linawaka.

Wenzake walipiga kafi mpaka ufukweni, wakashuka wakamzunguka. Kashaija alikuwa anahema.

"Sielewi," alisema. "Hapa hata si mbali. Brightness, si unajua kuogelea wewe?"

"Ameteleza tu, Kaka!" alidakia Shimba, ambaye uso wake ulikuwa umepauka. "Amepaliwa. Si ndiyo, Brightness? Umepaliwa tu."

Brightness alimtazama Dorcas. Maji yakimtiririka puani, akatikisa kichwa kukubali.

Kashaija alilichukua daftari kutoka kwenye mfuko wa Dorcas pale juu ya jiwe, akalifungua. "Ni kweli, hapa ana alama." Akajifuta uso. "Hata anayejua hupaliwa siku moja moja. Pumzika kidogo, halafu tuendelee."

Mambo yote yalikuwa yamekwisha kama hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemuuliza Dorcas kitu. Angenyamaza, wangerudi kwenye boti, na Jumamosi asubuhi gari lingewachukua. Alimwona Brightness anajaribu kusimama ili arudi majini, na yote hayo kwa ajili ya kumficha yeye.

"Hajui!" alisema Dorcas. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Brightness hajui kuogelea. Aliniambia, nami nikaweka alama."

Kashaija akageuka. "Unasema nini?"

"Mimi pia sijui. Soma pale juu, Kaka. Sikuandika kuogelea. Niliandika kuoga. Mwanzo nilikosea tu, lakini baadaye nikajua, na nikaacha vilevile, kwa sababu nilitaka safari." Machozi yakamzidi. "Watu wote waliniambia wanaoga."

Kashaija alisoma lile neno. Akalisoma tena. Kisha akalifunga daftari taratibu sana, na watoto walimwogopa kuliko kama angefoka.

"Pangeni mstari," alisema, akalirudisha boti majini. "Vueni maboya. Kila mtu, mmoja mmoja, aogelee kutoka kwangu mpaka kwenye boti. Hatua kumi tu. Shimba, anza."

Shimba aliingia kwa mbwembwe. Alipiga mikono, maji yakaruka huku na huko, naye akasogea mbele vizuri kabisa, mpaka mtoto mdogo mmoja akasema, "Kaka, anatembea! Miguu iko chini!" Kweli, mikono ya Shimba ilikuwa inaogelea na miguu yake inatembea. Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Siku ile walicheka wawili tu, nao wakanyamaza.

Katika watoto kumi na wawili, waliofika kwenye boti walikuwa watatu, wote wadogo.

"Tisa," alisema Kashaija. "Maboya saba, wasiojua tisa, na wadogo watatu wanaojua ningewavalisha maboya." Akakaa juu ya mchanga kama mtu aliyekatwa miguu. "Safari hakuna."

Hasira za watoto zilimwangukia Dorcas. "Katibu umetuharibia!" alisema mmoja. "Ungekaa kimya ungekufa?" alisema Shimba. "Siku mbili tu zilibaki, siku mbili!" Wakaondoka makundi makundi. Aliyebaki kumsindikiza alikuwa Brightness.

Nyumbani mama alikuwa anakusanya dagaa. Dorcas hakusubiri wingu lipite. Alisimama mbele yake, akasema yote: ile safu, ile barua, boti, na kwamba hapakuwa na kuoga pembeni pembeni.

Mama aliweka ungo chini. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya jiwe bichi.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza, Dorcas, nikaweka kidole pale pale."

"Nisamehe, mama."

"Nimeandika jina langu lote. Kumbe nilikuwa nakuandikia kifo kwa mkono wangu, na wino nikaupulizia ukauke." Hakumpiga. Aliinuka, akaendelea kukusanya dagaa.

Jumamosi Kashaija alikwenda Magu bila watoto. Alikwenda na fundi mmoja wa kampuni yao, mtu mzima anayejua maji, na wote wawili walivaa maboya. Alitaka kuuona mto kwanza, jambo alilopaswa kufanya tangu mwanzo. Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani, alibisha hodi kwa kina Dorcas. Shavu moja lilikuwa limevimba, na kiganja kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuwaje? Umepigana?"

"Nimepigana na mto." Alijaribu kutabasamu, shavu likamkatalia. "Boti lilipinduka kwenye mawe ya kwanza tu, mama. Hatukufika hata kona. Fundi alichukuliwa na maji, nikamkuta mbali, ameshika mizizi ukingoni. Boti limechanika. Mimi na yeye tunaogelea tangu utoto, tumevaa maboya, na ilikuwa hivyo. Ningekuwa na watoto kumi na wawili..." Akainamisha kichwa. "Nimekuja kuomba radhi. Niliona alama, sikusoma. Nilipenda safari kuliko nilivyopenda kuhakikisha."

Mama Dorcas alimletea maji ya kunywa. Aliyatazama yale majeraha.

"Na sasa utawafanya nini hawa watoto?" aliuliza.

"Ukikubali, mama, nitawafundisha kuogelea. Hapa hapa ufukweni, polepole. Mto tutausahau mpaka wote wajue."

Dorcas alijua jibu litakalokuja. Kumbe hakulijua.

"Utamfundisha," alisema mama. "Nimemkataza maji miaka yote nikidhani namlinda, na kumbe nimemlea awe wa kuzama. Lakini mimi mwenyewe nitakuwa pale kila Jumamosi, nimekaa, nawaangalia. Dagaa watajijua."

Na kweli alikaa. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, na kila Jumamosi Mama Dorcas alikuwa juu ya jiwe lile lile, kanga kichwani, akiinuka na kuketi, akihesabu vichwa kwa kidole. Kwanza walijifunza kupuliza hewa majini. Kisha kuelea chali. Shimba alikunywa maji mengi kuliko wote, na maneno yake yakapungua kidogo. Mwezi wa saba Brightness alifika kwenye boti, ambalo Kashaija alikuwa amelitia viraka vingine. Wiki iliyofuata akafika Dorcas. Aliposhika kamba na kugeuka, alimwona mama yake amesimama ndani ya ziwa, maji yamempita magoti, na wala hajijui.

Siku ile walipika wali na samaki ufukweni. Walipomaliza kula, Kashaija alimwomba Mama Dorcas awaambie watoto neno. Alikataa mara mbili, akasema yeye si mwalimu. Halafu akasimama.

"Wanangu, mimi sina maneno mengi," alisema. "Mlipoulizwa kama mnaoga, mlisema ndiyo. Hamkudanganya, si ndiyo? Mnaoga kweli, nanyi hamnuki. Lakini kila mmoja alijua Kaka yenu anataka kujua nini. Mkampa neno lililo kweli, mkalificha jambo ndani yake. Na aliyekaribia kufa alikuwa nani? Siyo neno. Alikuwa Brightness. Mtu akikuuliza, mpe kile anachohitaji kukijua, hata kama neno lake limekuachia mahali pa kujificha. Na ukishakosea, sema siku ile ile, wakati bado kuna mtu wa kuokolewa. Dorcas alichelewa, lakini alisema, na ndiyo maana leo nawahesabu hapa mkiwa kumi na wawili."

Akawahesabu tena, kwa kidole, mmoja mmoja. Walikuwa kumi na wawili. Ndipo akakaa.